Wananiuliza nimevaa nini chini ya kilti: nijibu vipi?

*"Shikamoo fundi. Nina miaka 26, natoka Mombasa, nafanya kazi ya kuhudumia mezani kwenye hoteli moja hapa Edinburgh. Sare yetu ya jioni ni kilti, lile vazi la kiunoni lenye marinda la wanaume wa Uskoti. Kila zamu, hasa siku za harusi, hakosi mtu wa kuniuliza nimevaa nini ndani. Wengine wanasema nimevaa sketi. Mzee mmoja aliniuliza nani kaniruhusu kuivaa ilhali mimi si Mskoti. Mwezi uliopita mama mmoja aliyelewa aliipandisha kwa mkono, wenzake wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa aibu. Tangu siku hiyo nimeunganisha vipande viwili vya mbele kwa pini ili isipandishwe tena. Meneja anasema ni mzaha wa kawaida wa huku. Mjomba wangu nyumbani naye ameona picha, anasema nimeanza kuvaa nguo za kike. Nijibu nini bila kupoteza kazi wala heshima yangu?"*

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale uliposema ulicheka nao. Nimeshona na kukodisha kilti katika mji huu kwa miaka kumi na tisa, na vijana wengi waliosimama mbele yangu kupimwa kiuno wameniambia neno hilohilo kwa sauti ya chini: "Nilicheka tu." Mtu akishtukizwa mbele ya watu, mikononi ana trei ya glasi, mwili hutafuta mlango wa karibu wa kutokea, na mara nyingi mlango huo ni kicheko. Kicheko chako hakikuwa ruhusa. Hilo liondoe moyoni kabla hatujaendelea.

Umeniletea mambo manne katika kapu moja: swali la ndani kuna nini, neno "sketi", swali la ruhusa, na mkono wa yule mama. Matatu ya kwanza ni maneno, na maneno tutayatafutia maneno. La nne haliko nayo, kwa hiyo nalitoa kapuni kwanza.

Kwa sheria ya Uskoti ya mwaka 2009 kuhusu makosa ya kingono, kumgusa mtu kingono bila ridhaa yake ni kosa la jinai, hata kama mkono umepita juu ya nguo. Kumpiga mtu picha chini ya nguo yake bila ridhaa nako kumo katika sheria hiyo. Haisemi aliyeguswa awe mwanamke. Kama tendo la yule mama linafika kwenye kosa hilo au la, wa kupima ni polisi na waendesha mashtaka, siyo mimi fundi, na siyo meneja wako. Ninachoweza kukuambia ni kwamba una haki ya kwenda kuwaeleza, na huna sababu ya kuona haya. Mwaka 2017 baa moja ya Inverness, huko kaskazini, iliwaacha wahudumu wake wa kiume wavue kilti na kurudi kwenye suruali, kwa sababu wateja wanawake walizidi kuwapandisha nguo na kuwauliza yaleyale unayoulizwa wewe. Hiyo ni Uskoti yenyewe, kilipozaliwa hicho kinachoitwa mzaha wa kawaida, na bado kiliwachosha.

Meneja wako, basi, amekosea, na kosa lake lina uzito. Tangu tarehe 26 Oktoba 2024 mwajiri katika nchi hii ana wajibu wa kisheria wa kuchukua hatua za kuzuia wafanyakazi wake wasinyanyaswe kingono kazini, na mwongozo uliotolewa kuhusu wajibu huo unawataja pia wateja. Tena ulinzi huo hausubiri umalize mwaka kazini. Unao tangu zamu yako ya kwanza. Nitarudi kwenye nini cha kufanya, lakini nimetaka ulijue hili mapema, kwa sababu mtu anayejua kuwa amesimama mahali imara hujibu hata yale maswali madogo kwa sauti nyingine.

Sasa tuje kwenye hilo swali lenyewe. Nimelisikia hata sijui mara ngapi, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anayeliuliza hataki jibu. Ukimwambia "nimevaa chupi" anasikitika, ukimwambia "sijavaa" hajui aseme nini. Anachotaka ni mchezo. Sisi mchezo huo tunaujua vizuri kuliko wao, na tunao mpaka na jina lake: utani. Tanzania bara Mchaga na Mpare wanaweza kutukanana kituo kizima cha basi, Mngoni akamwambia Mhehe maneno ambayo mwingine angeyasema angepigwa, na msibani mtani akaingia akamuigiza marehemu mpaka wafiwa wakacheka machozi yakiwatoka. Hakuna anayekasirika, kwa sababu utani una masharti. Wote wawili wanajijua kuwa ni watani. Wote wawili wana haki ya kurudisha. Na leo ukinitania, kesho ni zamu yangu.

Mteja wako anachukua uhuru wa mtani bila kuwa mtani wako. Hakujui jina. Yeye anaweza kusema lolote, na wewe huwezi kurudisha lolote, maana yeye ndiye anayelipa na wewe ndiye unayebeba sahani. Huo ni utani wa mkono mmoja, na ndiyo sababu unakuumiza hata pale maneno yanapokuwa mepesi. Meneja anaposikia watu wanacheka, anadhani pande zote mbili zinacheza.

Kuna jambo la pili linaloliwasha swali hilo, nalo ni hadhira. Angalia vizuri zamu ijayo: mtu aliye peke yake mezani haulizi. Anayeuliza ana wenzake watano, na kabla ya kuuliza anawatazama wao kwanza, halafu wewe. Umekuwa kisa cha meza. Ukikasirika, kisa kimenoga. Ukieleza kwa kirefu, kisa kimerefuka. Ukijibu kwa neno moja lenye uchangamfu na papo hapo ukauliza kama wanataka mvinyo mwekundu au mweupe, kisa kimeisha na wamebaki na chakula chao.

Jibu ninalolipenda kuliko yote ni la kizamani, na kila Mskoti analijua: "Viatu na soksi." Anakuuliza kuna nini chini ya kilti, nawe unamtajia kilichoko chini yake kwa macho ya kila mtu. Ni kweli tupu, halina tusi, na halijafungua mlango wowote. Lipo na lingine maarufu linalochezea neno moja la Kiingereza lenye maana mbili, kuvaliwa na kuchakaa. Anayeulizwa kama kuna kitu kimevaliwa humo ndani hujibu kwamba hakuna kilichochakaa, kila kitu kinafanya kazi sawasawa. Watu hulipenda sana, na kwenye harusi ya rafiki yako lisema bila wasiwasi. Kazini usiliseme. Linampeleka msikilizaji kulekule unakotaka asiende, na mlevi huchukulia jibu la namna hiyo kuwa mwaliko. Kuna na lile la kusema ndani kuna rangi ya mdomo ya mke wa muulizaji. Hilo lisitoke kinywani mwako hata siku moja, kazini au penginepo.

Mtu yuleyule akirudia mara ya pili, jibu lisiwe la kuchekesha tena. Punguza tabasamu, usipandishe sauti, mtazame usoni, mwambie: "Hilo sijibu, bwana. Niwaletee nini?" Halafu nyamaza. Kimya cha sekunde mbili ni kirefu sana mezani, na mara nyingi wenzake wenyewe ndio watakaomwambia aache. Mara ya tatu usiseme naye kabisa. Ondoka, kamwambie msimamizi wa zamu kwamba meza ile ihudumiwe na mwingine.

Nisikudanganye kwamba haya hayana gharama. Ukikataa mchezo, kuna usiku utapata tipu ndogo, na kuna mtu atasema huna ucheshi. Ukiucheza, tipu zitakuja, lakini utaucheza tena kesho na keshokutwa na watu ambao hukuwachagua. Nawajua vijana wanaoufurahia kwa dhati, wana majibu kumi mfukoni, na sioni ubaya. Wewe, kwa ulivyoandika, siyo mmoja wao, na huna deni la kuwa kama wao.

Tofautisha lakini. Si kila anayeuliza ana utovu wa adabu. Mtoto akikuuliza kwa nini baba huyu amevaa sketi, chuchumaa umwambie ni nguo ya askari na wapiga zumari, umwonyeshe mkoba wa mbele, ule sporani, unavyofunguka. Zamani kidogo nilikuwa nimekaa kwenye basi, nimevaa kilti niliyoishona mwenyewe, bibi mmoja wa pembeni yangu akainama akashika pindo la kipande cha juu katikati ya vidole viwili, akaligeuza, akatazama mishono ya nyuma. Nikajikaza. Kisha akasema, "Hii imeshonwa kwa mkono," akaniambia mama yake alikuwa akishona marinda. Ndipo akaona alichokifanya, akaomba radhi kwa kunigusa. Tuliongea mpaka kituo changu. Anayetaka kujua utamjua, kwa kuwa hukusikiliza unapojibu.

Kuhusu chupi, acha nikutoe hofu, maana nahisi umeshaambiwa kwamba mwanamume wa kweli havai. Hakuna mila inayokulazimisha. Simulizi hiyo imetokana sana na vikosi vya jeshi vya nyanda za juu, yaani milima ya kaskazini mwa Uskoti, na imekuzwa na vichekesho kuliko na maisha. Wanaocheza ngoma za Uskoti kwenye mashindano wanatakiwa kuvaa nguo ya ndani. Wanaorusha magogo na mawe kwenye michezo ya nyanda za juu huvaa kaptura ndani. Sisi tunaokodisha tunawaomba wateja wavae, kwa sababu kilti ya sufu haifuliwi kila Jumatatu, na kesho inaenda kwa mtu mwingine. Sufu yenyewe ikigusana na ngozi mahali pale kwa saa nane inawasha. Vaa kaptura nyeusi ya kubana, fupi kuliko pindo, na hilo libaki kati yako na kabati lako. Kuvaa hakumpi mtu haki ya kujua kwamba umevaa.

Neno "sketi" usilipiganie sana. Ni vazi la kiunoni lisilo na miguu miwili, na anayeliita sketi hajakosea kama unavyodhani, amekosea adabu tu ikiwa nia yake ni kukukera. Ukitaka kumjibu, mwambie inaitwa kilti, basi. Jina lenyewe limetokana na neno la kale la watu wa kaskazini lenye maana ya kukunja nguo na kuipandisha kiunoni, jambo ambalo mvuvi wa Pwani hulifanya na shuka yake kila akisukuma ngalawa.

Lakini swali la yule mzee, nani kakuruhusu, hilo linastahili muda, kwa sababu limekugusa mahali pengine. Jibu fupi ni kwamba hakuna sheria ya Uskoti inayosema nani avae kilti au tartani ipi, yaani kitambaa chenye mistari inayopishana. Kuna daftari la taifa la tartani lililoanza mwaka 2009, lakini linasajili michoro ya mistari, halisajili wavaaji. Zipo tartani zinazovaliwa na yeyote, kama ile ya kijani na buluu iliyoiva ya kikosi cha jeshi kiitwacho Black Watch. Inayozuiwa kwa desturi ni ile ya Balmoral, ya familia ya kifalme, na sidhani hoteli yako imewapa hiyo.

Jibu refu yule mzee mwenyewe huenda halijui. Kilti ilikuwa nguo ya nyanda za juu tu. Watu wa Edinburgh na wa tambarare za kusini hawakuivaa. Baada ya uasi dhidi ya mfalme wa mwaka 1745, ulioungwa mkono na wengi wa nyanda za juu, Bunge la London lilipitisha sheria ya mwaka 1746 iliyopiga marufuku mavazi hayo kwa wanaume na wavulana, isipokuwa askari wa serikali. Ilipoanza kutumika mwaka 1747, aliyekamatwa nayo mara ya kwanza alifungwa miezi 6, na mara ya pili aliweza kusafirishwa ng'ambo miaka 7. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1782. Kisha mwaka 1822 Mfalme George IV akaja Edinburgh, mwandishi Walter Scott akapanga mapokezi, mabwana wa mjini wakaambiwa waje na tartani, na mfalme mwenyewe akavaa kilti juu ya soksi ndefu zenye rangi ya ngozi. Tangu hapo ikaanza kuwa vazi la Uskoti yote. Kwa hiyo kama mzee yule ni mtu wa Edinburgh wa asili, inawezekana kabisa kwamba mababu zake nao waliipokea kutoka kwa wengine, kama wewe. Humwambii haya mezani. Mezani unamwambia, "Hoteli imenivisha, nami naivaa kwa heshima." Mengine unakaa nayo kichwani, na utaona mabega yako yanavyosimama.

Maneno ya namna hiyo yakielekea kwenye rangi yako, au "rudi kwenu", hayo si maswali tena. Yaandike pamoja na yale mengine.

Na kuandika ndiko ninakotaka uanzie leo. Chukua daftari dogo: tarehe, saa, ukumbi, nani alikuwepo, maneno yaliyosemwa, mkono ulifika wapi. La yule mama liandike sasa hivi hata kama mwezi umepita. Halafu mwandikie meneja barua pepe fupi, siyo maneno ya mdomo, ukieleza kilichotokea na ukiomba vitu viwili vilivyo wazi: kwamba mteja akigusa mhudumu aondolewe ukumbini, na kwamba anayetaka avae suruali ya tartani badala ya kilti. Suruali hizo zipo, ni vazi la heshima, na hoteli nyingi hazina shida nazo. Wengine huona kuzivaa ni kushindwa. Mimi sioni hivyo, ila uamuzi uwe wako. Usikubali uhamishiwe jikoni kwa kisingizio cha kukulinda.

Meneja akinyamaza, nenda ofisi ya ushauri kwa wananchi, Citizens Advice, ukakae na mtu uso kwa uso, na daftari lako mkononi. Huduma ni bure. Kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, waone wao kwanza. Usikawie, maana muda wa kufungua madai ya kazi huhesabiwa kwa miezi, hauhesabiwi kwa miaka. Polisi kwa jambo lililokwisha kutokea ni namba 101. Mtu akikushika na hakuachi, ni 999. Na ikiwa unajikuta unaumwa tumbo kabla ya kila zamu ya harusi, au usingizi umekupotea, mwone daktari wako umweleze sababu bila kuificha. Hilo sitaweza kukusaidia kwa kalamu.

Mjomba ni rahisi zaidi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haki ya kukutania. Nakisia jioni baada ya swala anakaa barazani na kikoi chake, upepo wa bahari unapita, na tangu azaliwe hajaulizwa na mtu amevaa nini ndani. Mpigie, msalimie, umwambie: "Mjomba, hiki ni kikoi cha watu wa baridi, kimekula mita 7 za sufu, nikirudi nakuletea chako." Atacheka. Halafu mweleze, ukipenda, na hilo la mkono. Huenda akakushangaza.

Limebaki la pini. Itoe leo kabla hujaingia kazini. Pini ya kilti hukaa kwenye kipande cha juu peke yake, chini karibu na pembe ya kulia, na haipiti hadi kipande cha ndani. Ukiviunganisha viwili, kila hatua unayopiga inakivuta kimoja huku kingine kikibaki, na baada ya wiki chache pana tundu ambalo hoteli itakukata mshaharani. Tena haizuii chochote, kwa sababu marinda ya nyuma ndiyo yanayopandishwa, na huko hakuna pini. Nadhani shida yako iko kwenye nguo yenyewe: sare nyingi za hoteli ni za kitambaa chepesi cha plastiki, zinapepea hata mlango ukifunguliwa. Omba ya sufu nzito, aunsi 16 kwa yadi kama ipo. Kaza bizimu zote, siyo ile ya juu tu, mpaka nguo ikae juu ya kiuno na pindo lifike katikati ya goti. Unapokaa, pitisha mgongo wa mkono nyuma kuanzia kiunoni kushuka, ukiyalaza marinda, ndipo ukae. Fanya mara ishirini mbele ya kioo. Ikibana au ikilegea upande mmoja, mpelekee fundi yeyote wa kilti akusogezee bizimu. Ni kazi ya muda mfupi.